Ijue Giaboksi ya Land Rover Kuukuu Kabla ya Kuifungua



Katika mashamba yetu Land Rover za zamani bado zinabeba watu, mbolea na mafuta. Giaboksi inapovunjika, swali la kwanza huwa: nani alikuwa anaendesha? Mara chache huulizwa: hii ni giaboksi ya aina gani, na ilitiwa oili gani? Asiyejua jibu hubebeshwa lawama, na pengine hukatwa mshahara. Kwa hiyo katika toleo hili tunaeleza namna ya kuitambua.

Kwanza, tusidanganywe na sura ya gari. Gari iliyokwisha kufanya kazi miaka arobaini huenda imebadilishwa giaboksi mara mbili au tatu. Kibati cha gari hueleza gari lenyewe. Hakielezi giaboksi iliyomo leo.

LEVA ZINASEMA NINI

Tuingie ndani tuhesabu leva. Gari za Series II (1958 hadi 1961), Series IIA (1961 hadi 1971) na Series III (1971 hadi 1985) kwa kawaida zina leva kubwa ya gia nne, na kando yake leva mbili ndogo: moja ina kifundo chekundu, nyingine cha manjano. Nyekundu hubadilisha mwendo wa kawaida na mwendo mzito wa nguvu. Ya manjano, ikibonyezwa chini, huunganisha magurudumu ya mbele katika mwendo wa kawaida. Kuyaachisha, simamisha gari, vuta nyekundu nyuma kabisa, kisha irudishe mbele.

Gari hizi hazina difu ya katikati. Ukibonyeza ya manjano na kwenda nayo kwenye lami, magurudumu ya mbele na ya nyuma hushindana, na mzigo huo hubebwa na giaboksi. Itumike kwenye tope, mchanga na njia zinazoteleza tu.

Ukikuta leva moja ndogo badala ya mbili, na gia kubwa ni tano, yaelekea ni giaboksi ya gari zilizoanza mwaka 1983 kwa jina la One Ten. Nyingi katika hizo huendesha magurudumu yote manne wakati wote. Hapo tazama mahali pa rivasi. Ikiwa iko kushoto mbele, karibu na gia ya kwanza, hiyo ni LT77. Ikiwa iko kulia nyuma, chini ya gia ya tano, hiyo ni R380 iliyoanza kutumika mwaka 1994.

SIKIO LINASEMA NINI

Tukirudi kwenye zile za gia nne: Series II na IIA zina sinkromeshi, yaani kifaa cha kulinganisha mwendo wa meno ya gia, katika gia ya tatu na ya nne tu. Series III inacho katika gia zote nne za mbele. Kwa hiyo dereva wa IIA akishuka kutoka ya tatu kwenda ya pili na gia ikalia, huenda giaboksi ni nzima kabisa. Dawa yake ni kukanyaga klachi, kutoa gia, kuachia klachi na kugusa mafuta kidogo, kisha kukanyaga tena na kutia gia ya pili.

Lakini sikio peke yake halitoshi. Series III iliyochakaa nayo hulia vivyo hivyo. Ndiyo maana sharti tutafute namba.

NAMBA NDIYO SHAHIDI

Namba imegongwa kwenye chuma cha giaboksi yenyewe. Futa grisi na udongo kwa brashi na mafuta ya taa, uisome yote. Kwenye gari za Series mara nyingi humalizika kwa herufi, kama A, B, C au D. Herufi hiyo si pambo: huonyesha mabadiliko yaliyofanywa kiwandani, na kipuri cha herufi moja huenda kisiingie kwenye giaboksi ya herufi nyingine. Unapoagiza vipuri, andika namba pamoja na herufi yake.

OILI

Giaboksi za Series hutumia oili nzito ya gia, namba 90. LT77 hutumia oili nyepesi, ile inayotiwa katika giaboksi za otomatiki. Ukiitia LT77 oili nzito, gia huwa ngumu na sinkromeshi huharibika. Tukumbuke pia kwamba giaboksi kubwa na ile ndogo iliyo nyuma yake kila moja ina oili yake.

KABLA YA KUINGIA CHINI YA GARI

Hapa ndipo penye maisha ya mtu. Breki ya mkono ya gari hizi haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi ndogo. Ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma, au ukifungua propela shafti ya nyuma, breki hiyo haizuii gari tena, hata ikiwa imevutwa mpaka mwisho. Weka vizuizi imara mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, egemeza gari juu ya stendi, wala usiamini jeki peke yake. Taniboi asiingie chini kabla fundi hajahakikisha hayo.

Wawakilishi wa matawi wadai jambo moja jepesi: kila gari iwe na daftari lenye namba ya giaboksi, aina ya oili na tarehe iliyotiwa, na sahihi ya aliyeitia. Siku giaboksi itakapovunjika, daftari litaeleza, na dereva hatasimama peke yake mbele ya meneja.