Muhuri Juu ya Kopo Husema Nini?

Mkulima, ukifika Nairobi kuuza viazi, au kumtembelea mwanao anayekaa Umoja, Kayole au Dandora, hukosi kukutana na muuzaji wa makopo. Husimama karibu na steji ya matatu au pembeni ya soko, kipaza sauti mkononi, na mezani pake mna unga wa mlonge, vidonge vya magoti, vidonge vya kuongeza damu na vya kupunguza unene. Ukisita kidogo atakuonyesha cheti. Habari za cheti hicho ndizo tunazotaka kukueleza, maana watu wengi hununua cheti, wala hawaulizi kilichomo koponi.

Kwanza ujue kwamba karatasi hazilingani. Cheti cha kuandikisha kampuni husema tu kwamba kampuni ina jina. Leseni ya Kaunti humruhusu mtu kufungua duka. Ile mistari myeusi inayosomwa na mashine ya supamaketi ni nambari ya kuhesabia mali; hata kiberiti kinayo. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyopima kitu chochote.

Alama ya Shirika la Viwango la Kenya, yaani KEBS, ni jambo jingine. Kitu kilichotengenezwa hapa nchini hupewa alama ya ubora, na chini ya alama hiyo huandikwa nambari ya kibali. Chukua simu yako, andika SM, kisha alama ya #, kisha nambari hiyo, uitume kwa 20023. Ni kama unavyokwangua kibandiko cha mfuko wa mbegu na kutuma nambari yake kwa 1393. Lakini usifurahi kwa sababu tu umepata jibu. Soma jina la kitu na jina la aliyekitengeneza. Mwizi anayeweza kuchapa muhuri wa uongo anaweza pia kunakili nambari ya kweli kutoka pakiti ya unga wa uji na kuibandika juu ya vidonge vyake.

Tena, kitu kinachodaiwa kuponya ugonjwa ni dawa, na dawa husimamiwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Muhuri wa chakula juu ya kopo linalosemwa kuwa linaponya kisukari haukuthibitisha neno hilo hata kidogo.

Muuzaji akiona unajua hayo, atakutolea cheti cha Marekani chenye picha ya tai, kisemacho kwamba vidonge vimekubaliwa na FDA, idara yao ya chakula na dawa. Hapo mwache. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, idara hiyo haikubali wala haikatai virutubisho vya namna hii kabla havijauzwa. Wala haitoi vyeti vya kuandikisha viwanda. Cheti hicho kimechapwa na mtu mwingine.

Sasa labda utauliza: ikiwa kweli vilipimwa katika maabara, na karatasi ya maabara ni halali, je, hiyo haitoshi? Fikiri habari za maziwa, ambazo unazijua kuliko mtu wa mjini. Karani wa chama hutumbukiza kipimo chake katika maziwa yako. Ukitia maji, kipimo huzama na utarudishwa nyumbani na debe lako. Lakini mjanja hutia maji, kisha hutia sukari au unga kidogo, na kipimo hupanda tena kama kwamba hakuna lililotendeka. Katika nchi ya China jambo kama hilo lilifanywa kwa namna mbaya zaidi. Wanunuzi wa maziwa walipima protini kwa kuhesabu naitrojeni. Watu wakatia maji, halafu wakatia melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ambayo ina naitrojeni nyingi. Kipimo kikasema maziwa ni mazuri. Mwaka 2008 watoto wachanga karibu 300,000 waliugua, na 6 walikufa. Kipimo hakikusema uongo. Kilijibu swali lililoulizwa, na hakuna aliyeuliza habari za melamini.

Basi ukionyeshwa karatasi ya maabara, uliza ilitafuta nini. Maabara iliyoombwa kutafuta vijidudu haitakuambia kama kuna risasi, au kama kuna dawa ya hospitali iliyofichwa. Uliza pia ni nani aliyepeleka sampuli. Mwenye kiwanda akichagua mwenyewe vidonge vya kupimwa, atachagua vizuri. Hata muhuri wa kweli hauwezi kuangalia kila mfuko: mwaka 2024 wakulima walinunua mbolea ya ruzuku katika maghala ya Bodi ya Nafaka, na ilipopimwa baadaye, baadhi yake ilionekana haikufikia kiwango.

Lililo hatari zaidi ni lile kopo linalofanya kazi upesi mno. Mzee mwenye magoti mabovu humeza vidonge vya miti shamba jioni, asubuhi anatembea kama kijana. Mwaka 2022 Wamarekani walipima vidonge vya magoti vilivyoitwa Artri King, wakakuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, dawa mbili ambazo hazikuandikwa juu ya chupa. Ya kwanza huweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Ya pili hupandisha sukari na shinikizo la damu, na mwili ukiizoea huacha kujitengenezea kitu chake cha namna hiyo.

Iko pia ile mashine ya bure: unashika kijiti cha chuma, na baada ya dakika chache inatoka karatasi ndefu yenye orodha ya magonjwa yako, na mwenye mashine ndiye mwenye makopo. Mashine hiyo haikuchukua damu yako wala mkojo wako. Usilipe hata shilingi moja kwa maneno yake.

Kama umekwisha kununua na unameza, usilitupe kopo kwa aibu. Lipeleke kwenye zahanati pamoja na kifuniko chake na karatasi zake zote, umwonyeshe mganga, umweleze umemeza vingapi na kwa siku ngapi. Na ikiwa ni vile vidonge vya magoti vya kuponya kwa usiku mmoja, na umevitumia kwa majuma mengi, usiviache ghafula kabla ya kumwona, kwa sababu mtu aliyezoea deksamethasoni akiikata mara moja huweza kuanguka, akalegea, na hata kufa. Mganga atakuonyesha jinsi ya kupunguza kidogo kidogo.