Majivu ya Bibi na Udongo wa Tegeta

Jioni moja mwaka jana nilipitisha mkono kwenye mnyanya uliojiotea kando ya karo la kuoshea vyombo, nyumbani kwetu Tegeta, Dar es Salaam. Vidole vilitoka na rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, na harufu yake kali ikanipeleka Lushoto papo hapo. Nikamwona bibi yangu mzaa mama ameinama kwenye tuta, kanga kaifunga kiunoni, ananikataza nisiguse maua.

Shina na majani ya mnyanya yamejaa vinyweleo, na baadhi yake vina vifuko vya mafuta kwenye ncha. Ukivigusa tu vinapasuka. Mafuta hayo ni ulinzi wa mmea dhidi ya wadudu, lakini kwangu yalikuwa ufunguo wa mlango uliofungwa miaka 35. Habari za macho na masikio hupita kwanza kwenye thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo, ndipo zisambazwe. Harufu hukata njia. Kutoka puani ni hatua chache tu hadi amigdala, inayoshughulika na hisia za moyo, na hipokampasi, inayotusaidia kutunza kumbukumbu za matukio. Ndiyo maana harufu moja huleta mtu mzima, na sauti yake, na saa ya siku.

Wiki ile ile nikachimba matuta mawili.

Bustani ya Bibi ilikuwa nyuma ya jiko, kwenye mteremko, pale maji ya kuoshea vyombo yalipoishia. Alikuwa na mnavu, mchicha, kunde za majani, na maboga yaliyotambaa hadi kwa jirani. Alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, alichota majivu ya mafigani akayanyunyiza juu ya mboga ili wadudu mafuta wakauke. Yaliyobaki aliyachanganya na udongo. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Majivu yalikuwa ya kila siku kama kufagia uwanja, na nani huuliza sababu ya kufagia?

Nami Tegeta nikafanya vile vile, tena kwa wingi zaidi, maana kijana anayekaanga chipsi mtaani kwetu alinipa ndoo nzima ya majivu ya mkaa kila Jumamosi. Wiki ya tatu mchicha ukaanza kupauka. Nikaongeza majivu. Wiki ya tano majani mapya yalikuwa karibu meupe, na mnavu ulikuwa umedumaa kabisa.

Ndipo nilipotazama vizuri ni majani yapi yanaumwa, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Mmea ukikosa naitrojeni huiondoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwa machanga, kwa hiyo umanjano huanzia chini. Madini ya chuma hayahamishiki kwa urahisi huo. Yakipungua, mmea hushindwa kutengeneza klorofili, na jani changa la juu ndilo linaloanza kugeuka manjano, mishipa yake ikibaki ya kijani kama ramani ya mito. Mchicha wangu ulikuwa na ramani hiyo.

Nadhani chuma chenyewe kilikuwemo udongoni. Kilichofungwa ni njia ya kukipata, na aliyeifunga ni mimi na ndoo zangu.

Majivu yana kalisi na potashi kwa wingi, fosforasi kidogo, na naitrojeni karibu hakuna, kwa sababu naitrojeni huondoka na moshi. Vilevile ni alikali kali. Yakichanganywa na maji, kipimo cha pH mara nyingi huvuka 10, ilhali mboga nyingi hupenda udongo wa 6 hadi 7. Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mvua za miaka mingi zimesukuma kalisi na magnesi chini, mbali na mizizi, zikaacha udongo mwekundu wenye asidi. Kila konzi ya majivu ya Bibi ilipunguza asidi hiyo na kurudisha sehemu ya kilichooshwa. Alikuwa anautibu udongo wake, na dawa ilikuwa sahihi.

Lakini sisi wa Tegeta tumekaa jirani na Mlima Wazo, ambako mawe ya chokaa yanachimbwa kutengenezea saruji. Udongo wa ua wetu ni kichanga chenye vipande vya mawe hayo hayo, nao una alikali kabla hujatia kitu. pH ikipita 7.5 hivi, sehemu kubwa ya chuma hugeuka kama kutu isiyoyeyuka, na mizizi hunywa kilichoyeyuka tu. Nilikuwa nimempa mgonjwa mmoja dawa ya mgonjwa mwingine.

Kipimo cha jambo hili kipo jikoni. Weka kijiko cha udongo mkavu kwenye sahani, umimine siki nyeupe. Ukiona mapovu, asidi ya siki imekutana na chokaa, na hewa ya kaboni dioksaidi inatoka. Udongo wangu ulichemka kama soda iliyotikiswa. Baadaye mjomba aliniletea udongo wa bustani ya Bibi kwenye kopo la maziwa ya unga. Ule ulinywa siki ukanyamaza. Ukimya huo pekee hauthibitishi kwamba udongo una asidi, ila mapovu mengi ni onyo tosha: weka majivu mbali.

Badala ya majivu nilitengeneza mboji. Nilirundika majani makavu ya mwembe, maganda ya jikoni na mbolea ya kuku yenye maranda, kimo cha mita moja. Bakteria na kuvu wanaoozesha lundo wanataka kaboni na naitrojeni kwa uwiano wa kama 30 kwa 1. Majani makavu yanaleta kaboni, maganda na mbolea ya kuku yanaleta naitrojeni. Mchanganyiko ukikaa sawa, lundo hupata joto la nyuzi 55 hadi 65, linaloua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya maradhi. Nilichomeka fimbo katikati, na siku ya nne ilitoka na moto usioshikika. Ilipoanza kutoka imepoa, niligeuza lundo hewa iingie, joto likapanda tena. Majivu usiyatie humo. Alikali yake huifukuza naitrojeni iwe amonia, na harufu ile inayochoma pua ni mbolea yako inayoondoka.

Mboji ikiiva huwa na asidi za ogani zinazoshika chembe za chuma na kuzifikisha kwenye mizizi zikiwa bado zimeyeyuka. Nilitandika tabaka nene juu ya matuta, nikapanda upya. Mchicha wa safari hii umekuwa wa kijani hadi ncha.

Yapo pia mafunzo ya Bibi yaliyofika pwani bila kubadilika. “Kata kichwa, using'oe,” alituambia kwenye mnavu. Ncha ya shina hutoa homoni ya oksini, inayozuia machipukizi ya pembeni yasiamke. Ukiikata, kizuizi kinaondoka na shina moja linakuwa matatu au manne. Kunde nazo hubeba kwenye mizizi vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Pasua kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi, na rangi hiyo inatokana na protini iliyo ndugu ya hemoglobini ya damu yetu.

Mboga hizi kwa muda mrefu zilihesabiwa magugu, au chakula cha wasio na uwezo. Huko Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta alikulia kwenye mboga za kienyeji kwa sababu mwili wake ulikataa maziwa, mayai na samaki. Akaja kuzifanya kazi ya maisha yake ya utafiti. Naye alianzia kwenye sahani ya utotoni.

Bibi yangu hayupo tena wa kumuuliza. Wewe kama bado unaye wako, mpigie simu wiki hii. Muulize anapanda nini na mwezi gani, anatia nini kwenye tuta na kwa nini. Halafu mwombe akutumie kopo la udongo wake, uupime kwa siki kando ya udongo wako kabla hujamwaga chochote.