Nyari: Tembea kwa Tahadhari Bondeni Marafa

Vikundi vya matembezi vinavyofika Marafa, katika eneo la Magarini, Kaunti ya Kilifi, hukuta ardhi imekatika ghafla. Chini yake kuna nguzo za mawe ya mchanga, nyeupe, za waridi na nyekundu, kimya kama mahame. Wenyeji huliita bonde hili Nyari. Wazee husimulia kuwa familia tajiri iliyooga kwa maziwa ilididimia hapo.

Kitaalamu, mvua na upepo ndivyo vilivyolichonga, na kingo zingali zinamomonyoka. Hivyo, wageni wanashauriwa kutembea asubuhi au jioni kuepuka jua kali, kuandamana na mwelekezi mwenyeji, kutosimama ukingoni na kutoshuka mvua inaponyesha. Nguzo zisipandwe, zikivunjika, hazirudi.