Fani Tatu za Farasi: Mashindano ya Badminton na Istilahi Zake

Mfasiri wa Kiswahili aghalabu hukutana na farasi katika karatasi kuliko njiani. Hata hivyo lugha yetu haikumwacha mnyama huyu bila msamiati. Tunayo maneno hatamu, lijamu, tandiko na kikuku, na pwani, ambako punda amefanya kazi kwa karne nyingi, tunayo hata majina ya miendo: mnyama huenda telki, huenda matiti, huenda shoti. Neno hatamu limesafiri mbali zaidi. Wakati wa mfumo wa chama kimoja nchini Tanzania, wananchi wengi ambao hawakupata kumgusa farasi walijua vizuri maana ya chama kushika hatamu.

Kwa hiyo tatizo letu si uhaba wa maneno. Tatizo ni kwamba tunayatumia maneno tuliyo nayo kabla hatujaielewa dhana inayotajwa. Makala haya yanakusudia kulionyesha jambo hilo kwa kufuata historia ya shindano moja linalofanyika shambani huko Uingereza tangu mwaka 1949, yaani Majaribio ya Farasi ya Badminton.

Tuanze na jina lenyewe, kwa sababu lina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni neno Badminton. Wengi wetu tunalijua kuwa ni jina la mchezo wa vinyoya, na mfasiri mwenye haraka anaweza kuandika kwamba farasi walishindana katika mchezo huo. Kwa kweli Badminton ni kijiji katika jimbo la Gloucestershire, na ni jina la kasri la ukoo wa Beaufort lililopo hapo. Mchezo wa vinyoya ulipata jina lake kutokana na kasri hilo katika karne ya 19. Mtego wa pili ni neno majaribio. Neno la Kiingereza linalofasiriwa hapa hutumika pia kwa kesi mahakamani, nasi hatutaki kusoma kwamba farasi ameshtakiwa. Hapa maana yake ni kujaribiwa, kama chombo kinavyojaribiwa kabla ya kupelekwa baharini.

Farasi hujaribiwa nini? Jibu limo katika historia. Mashindano ya namna hii yalianzia katika majeshi ya Ulaya, ambako askari wapanda farasi walihitaji kuyajua mambo matatu. Je, farasi ni mtiifu gwaridani? Je, anaweza kuvuka mashamba, mitaro na mito kwa kasi bila woga? Na je, kesho yake, baada ya kazi hiyo nzito, bado ni mzima wa kutumika? Maswali hayo matatu ndiyo yaliyozaa fani tatu za shindano. Yaliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, na kwa miaka mingi washiriki wake walikuwa maofisa wa jeshi. Baadaye raia waliruhusiwa, na mwanamke wa kwanza alishiriki Olimpiki katika fani hizi huko Tokyo mwaka 1964.

Olimpiki ya mwaka 1948 ilifanyika London. Waingereza, waliojihesabu kuwa taifa la wapanda farasi, hawakupata medali yoyote katika mashindano haya. Duke wa 10 wa Beaufort alitoa mashamba yake ya Badminton ili wananchi wenzake wapate mahali pa kujifunza kazi hiyo. Shindano la kwanza lilifanyika mwaka 1949, likiwa na farasi 22 kutoka nchi mbili tu, na mshindi alikuwa John Shedden akimpanda Golden Willow. Miaka saba baadaye, mwaka 1956, timu ya Uingereza ilitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Ingefaa mfasiri azingatie pia kwamba Badminton iliwatangulia wakuu wa Olimpiki katika suala la wanawake. Margaret Hough alishinda huko mwaka 1954, yaani miaka 10 kabla ya Tokyo. Sheila Willcox alishinda mara tatu mfululizo, mwaka 1957, 1958 na 1959. Naye Lucinda Green, ambaye awali alijulikana kwa jina la Prior-Palmer, alishinda mara sita kati ya mwaka 1973 na 1984, na kila mara kwa farasi mwingine. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwani mpanda farasi ni jina lisilobagua mume wala mke.

Sasa tuzitazame fani zenyewe. Ya kwanza hufanyika katika uwanja wa mita 20 kwa 60, ambapo farasi hufanya miendo iliyopangwa mbele ya waamuzi. Wapo wanaoiita ngoma ya farasi. Jina hilo linapendeza sikioni, lakini linapotosha, kwa sababu farasi hapimwi kwa kucheza bali kwa kutii ishara ndogo za mpandaji. Kwa maoni yetu, fani ya utii inatosha. Miongoni mwa miendo inayopimwa ni matiti. Mwalimu anayejua darasa lake ataona upesi faida ya kusema mwendo wa matiti kila mara, wala si matiti peke yake.

Fani ya pili ndiyo moyo wa shindano. Farasi hukimbia kilomita kadhaa mashambani, akiruka magogo, mitaro na maji. Katika riadha tumekwisha kuzoea kusema mbio za nyika, na hatuoni sababu ya kubuni neno jingine. Tahadhari moja ni ya lazima kwa wanaofasiri maandishi ya zamani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, siku hiyo ilijumuisha pia safari ndefu za barabarani na mbio za kasi za kuruka. Sehemu hizo ziliondolewa katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, na mashindano mengine makubwa yakafuata.

Fani ya tatu hufanyika uwanjani, nayo ni kuruka viunzi. Hapa ndipo lilipo jambo tunalolisisitiza kuliko yote. Katika Kiingereza, neno moja hutumika kwa vitu vinavyorukwa katika fani ya pili na ya tatu. Kiswahili kinaweza kutenganisha. Kiunzi cha uwanjani ni fito zilizolazwa juu ya vishikizo. Farasi akizigusa huanguka, na mpandaji hutozwa alama 4. Kizuizi cha nyikani ni gogo au ukuta uliojengwa imara. Farasi akikigonga, anayeanguka ni yeye. Farasi akikataa kukiruka, mpandaji hutozwa alama 20. Mwaka 1999 wapanda farasi watano walifariki nchini Uingereza katika mashindano ya aina hii. Mfasiri anayeandika kwamba mtu alifariki baada ya farasi wake kugonga kiunzi humwacha msomaji akishangaa, kwa kuwa viunzi anavyovijua ni vile vya riadha vinavyoangushwa kwa mguu. Neno limeficha hatari, na hatari ndiyo habari yenyewe.

Ni kweli kwamba tangu miaka ya 2000 baadhi ya vizuizi vya nyikani vimewekewa pini zinazokatika vinapogongwa kwa nguvu, ili farasi asipinduke juu ya mpandaji. Je, basi vimekuwa viunzi? La. Kwa sababu hiyo tunashauri kwamba fasili isitegemee kuanguka au kutoanguka kwa kitu, bali fani kilimowekwa: kizuizi ni cha nyikani, kiunzi ni cha uwanjani. Ufundi unaweza kubadilika kesho, na istilahi ikabaki.

Alama nazo zahitaji uangalifu. Zote ni za adhabu, na mshindi ni yule mwenye chache. Anayeandika kwamba mshindi alijizolea alama nyingi amemtangaza wa mwisho kuwa wa kwanza.

Limebaki jina la jumla. Waingereza kwa muda mrefu wameyaita mashindano ya siku tatu, ingawa washiriki wa Badminton ni wengi hata fani ya utii peke yake huchukua siku mbili. Wafaransa huyaita mashindano kamili. Wajerumani huyataja kwa jina lenye maana ya uwezo wa mambo mengi. Kila lugha imechagua upande wake. Tukifuata siku, tutasema uongo. Tukisema mashindano ya farasi bila nyongeza, msomaji atadhani ni mbio za farasi. Neno hatua nalo halifai, maana latukumbusha michuano ambayo wanaoshindwa hutolewa kila hatua. Tunapendekeza mashindano ya fani tatu za farasi, kwa kuwa idadi ya fani ndiyo iliyodumu.

Badminton yenyewe haikudumu bila kukatizwa. Iliahirishwa au kufutwa mara kadhaa: mwaka 1975 mvua iliisimamisha baada ya fani ya utii, mwaka 2001 ulikuwa ugonjwa wa miguu na midomo, na mwaka 2020 na 2021 ulikuwa UVIKO-19. Kila mara ilirudi ikiwa na maswali yale yale matatu ya askari wa zamani.

Wafasiri na walimu wanaombwa kuyapima mapendekezo haya katika kazi zao, na kuyakosoa pale yanapopwaya. Istilahi, kama farasi, hujulikana uzima wake siku ya pili, baada ya kazi.