Wikendi Moja Haimpimi Mcheza Karata

Jumatatu asubuhi kwenye vijiwe vya Old Korogwe swali huwa fupi: umekula au umeliwa? Aliyekula huonekana mjuzi, aliyeliwa huonekana mzembe, na hukumu hiyo hudumu mpaka Ijumaa inayofuata. Kwa wengi mjini Korogwe mchezo wenyewe ni mkeka wa mechi za mpira, lakini simu ile ile inayosuka mkeka hufungua pia meza za karata, na mojawapo ni poka, ambayo mtu huicheza na wenzake asiowajua kwa pesa halisi. Nalichukua swali hilo la Jumatatu kwa uzito, kwa sababu naamini linawagharimu watu kuliko mchezo wenyewe. Nadai kwamba matokeo ya wikendi moja hayamwambii mchezaji wa starehe karibu chochote kuhusu uwezo wake. Kwa kuwa yeye huyapokea kama ushahidi, akila huongeza dau akidhani amekomaa, na akiliwa hurudi kufidia akidhani alikosea kidogo tu. Njia zote mbili zinampeleka kwenye meza ile ile, na mwenye meza hukata chake.

Tuanze na tofauti ya michezo. Kwenye drafti ya visoda au kwenye bao, kila kitu kiko wazi mbele ya macho ya wote wawili, hakuna kete iliyofichwa wala bahati inayogawa. Ndiyo maana bingwa wa kijiwe hujulikana kwa jioni moja: akikutana na anayejifunza, atamfunga mara ya kwanza, ya pili na ya tano. Poka haiko hivyo. Karata ni 52, kila mchezaji hupewa mbili za siri, kisha tano hufunuliwa katikati kwa awamu, na kila awamu watu huongeza dau au hujitoa. Karata mbili bora za kuanzia ni ree mbili, ambazo kwa wastani humjia mchezaji mara moja katika migao 221. Tuseme amezipata, mpinzani ana basha mbili, na wote wameweka pesa yote kabla karata ya wazi haijafunuliwa. Mwenye ree amefanya jambo sahihi kabisa. Hakuna mtaalamu duniani angefanya vingine. Hata hivyo atashinda takriban mara 82 katika 100, na hizo 18 zilizobaki ataliwa pesa yote akiwa hajakosea lolote. Mwenye basha, aliyeingia akiwa nyuma, ataondoka amejaa na kuamini kwamba alisoma mchezo vizuri.

Sasa tulipeleke hilo kwenye wikendi nzima. Chukua mchezaji hodari kwelikweli kwenye meza ya watu sita, ambako dau kubwa la lazima, lile ambalo mchezaji mmoja hutakiwa kuliweka kabla ya karata kugawanywa, ni Sh 200. Mtu anayepata kwa wastani madau matano ya namna hiyo katika kila migao 100, baada ya ada kukatwa, ni mchezaji mzuri sana, na wa namna hiyo ni wachache. Jumamosi na Jumapili akicheza migao 1,000, ustadi wake unamstahilisha Sh 10,000. Lakini kwenye meza za aina hiyo mtawanyiko wa matokeo hukadiriwa kuwa karibu madau 95 kwa kila migao 100, na kwa migao 1,000 hiyo ni kama madau 300, yaani Sh 60,000 kwenda juu au chini. Ustadi unasukuma kwa elfu kumi, bahati inapeperusha kwa elfu sitini. Ukifanya hesabu, mchezaji huyu hodari atamaliza akiwa ameliwa kwenye wikendi 43 hivi katika kila 100. Geuza upande wa pili: mchezaji mbovu, anayepoteza kwa kasi ile ile ambayo mwenzake anapata, naye atamaliza amekula wikendi 43 katika 100. Jumatatu wakikutana kijiweni, mara nyingi sana mbovu ndiye atakayekuwa anafundisha.

Ili ustadi wa huyo hodari uzidi bahati mara mbili, kiwango ambacho mtakwimu angeanza kuusadiki, anahitaji migao takriban 144,000. Kwa migao 1,000 kila wikendi, hiyo ni karibu miaka mitatu bila kukosa hata wiki moja. Wasomaji watakaodhani nakuza mambo wautazame ushahidi wa Pittsburgh, Marekani. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipambanisha programu yao ya kompyuta, Claudico, na wachezaji wanne wa kulipwa kwa migao 80,000. Walichukua hata tahadhari ya kugeuza karata: karata alizopata binadamu kwenye chumba kimoja zilipewa kompyuta kwenye chumba kingine, ili bahati ipungue. Binadamu waliongoza kwa alama zenye thamani ya zaidi ya dola 700,000, na bado watafiti walisema kwamba kitakwimu ni sare, jambo ambalo wengine walilipinga. Januari 2017 walirudi na programu mpya, Libratus, iliyotengenezwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown. Safari hii ilichezwa migao 120,000 kwa siku 20, na pengo likawa kubwa kiasi kwamba ubishi wa bahati ulikwisha. Wanasayansi wenye vyumba viwili, karata zilizogeuzwa na migao 80,000 walibishana juu ya nani bora. Kijana mwenye simu moja na siku mbili atatoa wapi uhakika?

Jibu la kwanza nitakalopewa ni kwamba watu hawahesabu wikendi moja tu, wanahesabu nyingi: fulani amekula wikendi saba katika kumi, huyo si wa kubahatisha. Hapa ndipo penye mtego mkubwa zaidi, na naomba msomaji atulie nami. Mchezaji wa starehe hajipangii mwisho kwa saa. Anaupanga kwa hali ya mfuko. Akiwa amepata Sh 8,000 Jumamosi usiku anafunga simu na kulala na furaha. Akiwa ameliwa Sh 8,000 anaendelea ili arudishe, na mara nyingi kweli hurudisha, kwa sababu matokeo hupanda na kushuka yenyewe. Siku isiporudi, anaongeza tena na tena mpaka Jumapili usiku, na wikendi hiyo moja humeza Sh 90,000. Tabia hii huzaa ushindi mwingi mdogo na hasara chache kubwa. Wikendi saba za Sh 8,000 ni Sh 56,000. Tatu za hasara, hata kama moja tu ndiyo ya Sh 90,000 na nyingine mbili ni ndogo, zimeshazidi hapo. Mtu anaweza kusema kweli tupu kwamba hula mara nyingi kuliko anavyoliwa, huku kila mwezi akiba yake ikipungua.

Jibu la pili ni kwamba wapo wanaoishi kwa poka, kwa hiyo mchezo unalipa. Wapo, nakubali, na ndiyo maana sikusema poka ni bahati tupu. Ila meza yenyewe haizalishi pesa. Anachokula mmoja kimetoka kwa mwingine, na kabla hakijafika mwenye jukwaa hukata ada, mara nyingi karibu asilimia 5 ya fungu lililokusanyika, yenye kikomo. Ukijumlisha faida na hasara za wote sita waliokaa, jumla haiwi sifuri. Iko chini ya sifuri kwa kiasi cha ada. Kwenye meza za dau dogo, ambako mchezaji wa wikendi hukaa, ada hiyo inaweza kulingana na ile faida ya mchezaji hodari tuliyoihesabu, au kuipita. Anayeishi kwa poka anaishi kwa hasara za wanaocheza Jumamosi na Jumapili. Kuwepo kwake hakuthibitishi kwamba mchezaji wa wikendi naye atapata. Kunaonyesha pesa ya wikendi huenda wapi.

Wapenzi wa mpira watasema poka si yao, wao wana mkeka, na mkeka unataka kujua soka. Ni kweli kwamba anayeifuatilia Coastal Union wiki hadi wiki anajua mambo nisiyoyajua mimi. Lakini ujuzi wa aina hiyo umeshaingia kwenye odi kabla yeye hajafungua simu, na juu yake kampuni imeongeza fungu lake. Chukua jambo lenye nafasi nusu kwa nusu. Haki yake ni odi ya 2.00, kampuni ikitoa 1.90, imebakiza senti tano katika kila shilingi. Ni kidogo, na mtu mzima anaweza kuivumilia. Funga mechi kumi za namna hiyo kwenye mkeka mmoja uone: nafasi ya kutiki zote ni moja katika 1,024, na Sh 1,000 ingestahili kulipa Sh 1,024,000, lakini kwa odi hizo italipa takriban Sh 613,000. Zile senti tano zimejizidisha mara kumi mpaka zikawa arobaini. Watu 100 wakiweka mkeka kama huo kila wiki kwa mwaka mzima, takriban 95 hawatashinda hata mara moja. Wale watano ndio watakaopigwa picha.

Jibu zito zaidi, ambalo nalisikia kwa heshima, ni kwamba yote haya ni starehe, na starehe hulipiwa. Misikitini na makanisani suala hili lina hukumu yake, nami siigusi. Kibarua aliyetoka kukata mkonge wiki nzima ana haki ya kutumia Sh 3,000 zake apendavyo. Ila starehe nyingine zote zina bei inayojulikana: soda ina bei, kiingilio cha kuangalia mechi kina bei. Bei ya wikendi ya karata haionekani, imefunikwa na kupanda na kushuka kwa matokeo, na mnunuzi hudhani wiki nyingine alilipwa yeye. Mkulima wa Handeni haisifu mbegu ya mahindi kwa msimu mmoja wa mvua nzuri. Anakumbuka na ile misimu iliyokauka. Mchezaji naye anahitaji kumbukumbu ndefu, na jukwaa la mchezo limejengwa kumwonyesha ushindi wa mwisho kwa rangi na milio.

Kwa hiyo naipendekezea Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, jambo moja ambalo halimnyimi mtu mzima mchezo wake wala serikali kodi yake. Kila kampuni yenye leseni ilazimishwe kumwonyesha mchezaji, kabla hajaweka pesa nyingine, jumla aliyoweka na jumla aliyotoa tangu alipofungua akaunti. Kampuni haziwezi kusema takwimu hiyo ni ngumu kuipata, kwani haziwezi kufunga hesabu zake bila kuwa nayo. Asiyetaka kusubiri kanuni anaweza kuchukua taarifa ya miamala ya pesa za simu tangu Januari na kuandika safu mbili kwenye daftari: zilizokwenda kwenye mchezo na zilizorudi. Bonasi asizihesabu kama pesa aliyoweka, maana hazikutoka mfukoni mwake, na salio lililomo kwenye akaunti ya mchezo asilihesabu kama pesa iliyorudi mpaka siku litakapoingia kwenye simu.