Siku mbili Philadelphia: Usiishie kwenye kengele

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayefika Philadelphia Jumamosi asubuhi na kuondoka Jumapili jioni huaga kabla ya kukabidhiwa jembe hilo. Wengi, wakiwamo Wakenya waishio majimbo ya mashariki ya Marekani, huuzuru mji huo hivyo. Hupiga picha mbele ya kengele mashuhuri, wakala, wakarudi makwao. Kwa maoni yangu, mtu huyo amesoma nusu tu ya kitabu.

Si kwamba nusu hiyo ni duni. Mji huo, ulioasisiwa na William Penn mwaka 1682, ndiyo chimbuko la taifa la Marekani. Katika Ukumbi wa Uhuru, jengo la matofali mekundu lililoanza kujengwa mwaka 1732, wajumbe waliidhinisha Azimio la Uhuru tarehe 4 Julai, 1776. Miaka 11 baadaye, katika jengo lilo hilo, katiba ilitiwa sahihi.

Ng'ambo ya barabara imewekwa Kengele ya Uhuru, yenye uzito wa kilo 940 hivi. Iliagizwa kutoka London mwaka 1751, ikapasuka ilipojaribiwa, na mafundi wa Philadelphia wakaiyeyusha na kuisubu upya. Ufa unaoonekana leo ni wa baadaye. Wasilolijua wengi ni kwamba jina hilo halikutokana na mashujaa wa 1776. Lilivuma katika miaka ya 1830 kupitia kwa wapinzani wa utumwa. Hao waliona kwamba maneno ya Biblia yaliyoandikwa juu ya kengele, ya kutangaza uhuru kwa wakazi wote wa nchi, yalikuwa hayajatimizwa.

Ushahidi wa jambo hilo u hatua chache tu kutoka hapo. Philadelphia ilikuwa makao makuu ya Marekani kuanzia mwaka 1790 hadi 1800, na papo hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya Rais George Washington. Humo aliweka watumwa tisa. Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1780 ilimwezesha mtumwa aliyeletwa kutoka nje kudai uhuru baada ya kukaa miezi sita. Kwa hiyo Rais aliwatoa jimboni kabla ya muda huo kutimia, kisha akawarejesha, hesabu ikaanza upya.

Mmoja wao, Ona Judge, mtumishi wa mke wa Rais, alitoroka Mei 1796 wakati wenye nyumba wakila. Alikimbilia New Hampshire kwa meli, akasakwa, akakataa katakata kurudi. Alifariki mwaka 1848 bila kukamatwa, ingawa kisheria alikuwa angali mtumwa. Nyumba yenyewe ilibomolewa zamani. Ukumbusho ulifunguliwa mahali hapo mwaka 2010, baada ya wananchi kupaza sauti kwa miaka kadhaa.

Jumapili, basi, msafiri ashike Barabara ya Sita kuelekea kusini, mwendo wa robo saa hivi kwa miguu, hadi Kanisa la Mother Bethel. Lilianzishwa mwaka 1794 na Richard Allen, aliyezaliwa mtumwa na kujinunulia uhuru wake mwenyewe. Kaburi lake limo mumo humo kanisani.

Watakuwapo watakaosema kwamba mapumziko ni ya kustarehe, wala si ya kukumbuka machungu. Sikubaliani nao. Anayeitazama kengele peke yake hurudi akiamini kwamba uhuru ulitangazwa siku moja na watu wakubwa. Aliyepita pia penye nyumba ile, akaingia na kanisani, hutambua kwamba wengine waliufuata kwa miguu yao usiku na mchana, au waliununua kwa jasho lao. Hilo ndilo jembe la mgeni wa siku mbili. Naam, alichukue aende nalo nyumbani.