Baiskeli ya mizigo: Pima mabega kabla ya kuchagua usukani

MFUGAJI anayepeleka lita 40 za maziwa kituoni kila asubuhi hubeba zaidi ya kilo 40 kwenye keria, mbali na uzito wa madumu. Akianguka njiani, mauzo ya siku nzima humwagika. Hata hivyo, wanunuzi wengi wa baiskeli hukagua matairi, breki na keria tu, wakasahau upana wa usukani.

Usukani mwembamba huwa mwepesi kugeuka, lakini mzigo unapoyumba mwendeshaji hulazimika kutumia nguvu nyingi kuurudisha. Mpana humpa nguvu ya kuutuliza mzigo kwenye kokoto na mchanga. Ukizidi, mikono hutanuka, kifua huinama na uzito huhamia viganjani. Matokeo yake ni maumivu ya viwiko, shingo na mabega, na shida ya kupita katikati ya migomba au kwenye msongamano wa sokoni.

Kipimo huanzia mabegani. Simama wima, kisha mwenzako apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka mfupa wa ncha ya bega moja hadi la pili. Usukani uliopinda chini wa baiskeli za mashindano hukaribia kipimo hicho, na nyingi huwa kati ya sentimita 38 na 46. Usukani ulionyooka huhitaji kuwa mpana zaidi. Wa baiskeli za milimani za siku hizi mara nyingi hufika sentimita 70 hadi 80, ambazo ni nyingi kwa njia za shambani.

Anayeona wake ni mpana asikimbilie msumeno. Kwanza asogeze breki na vishikio ndani, aendeshe siku kadhaa akiwa na mzigo wake wa kawaida. Akiridhika, fundi akate sentimita moja kila upande, asawazishe kwa tupa na kuziba ncha, kwani bomba lililo wazi humjeruhi anayeanguka. Baiskeli zenye breki zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya zisikatwe. Ni nafuu kubadilisha usukani mzima.

Mwisho, geuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Ukigusa goti, haufai. Na dumu lisining'inizwe hapo: upana wowote hautasaidia usukani unaovutwa upande mmoja.